Sikio la Asifiwe

Jumanne, 14 Januari 2025

Huyu mtoto ataniua! Nimemwita mara tatu afungue geti, mvua inaninyeshea, yeye kakaa kibarazani anachora. Miaka tisa! Nimeruka ukuta, mtu mzima na tai yangu shingoni, majirani wanaangalia. Nimemzaba kofi. Moja tu. Kalia, kashika sikio, basi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama yake yuko msibani kwao Tukuyu, angekuwepo angemtetea.

Jumamosi, 1 Februari

Tupokigwe karudi toka msibani. La kofi sikumwambia. La nini?

Jirani yetu Najat kanishauri karate. Eti wanawe walikuwa watukutu, sasa wakiitwa mara moja wanasikia. Basi leo nimempeleka Asifiwe ukumbini, hapahapa Bunju, kwa sensei Kondo. Jamaa hapayuki! Anatoa amri mara moja, sauti ya chini. Aliyekuwa anapiga soga anakosa zamu. Watoto thelathini, kimya. Asifiwe kafuata kila kitu! Nimefurahi mpaka nikamnunulia juisi ya miwa.

Nyumbani — yaleyale. Namwita anaosha vyombo, kanipa mgongo, hageuki. Kwa sensei anasikia, kwangu hasikii. Kiburi hicho!

Jumamosi, 22 Februari

Leo Kondo kawafumbisha macho. Wafuate sauti tu: mbele, nyuma, geuka. Mstari mzima ukaenda. Asifiwe kabaki peke yake katikati ya ukumbi, kafumba macho kwa nguvu zote, anasubiri. Wenzie wakacheka. Nikainuka nikamvute, Kondo kanizuia. Akasimama nyuma yake, akamwita jina. Mara mbili. Wapi!

Kanivuta pembeni, akaniambia: Mzee, huyu hana kiburi, siku zote anatazama midomo yangu na miguu ya wenzie. Mpeleke akapimwe masikio.

Sijala chochote leo.

Jumatatu, 24 Februari

Hospitali. Tupokigwe kaomba ruhusa kazini, tumekwenda wote. Daktari kasema sikio la kulia halisikii tangu zamani, pengine ile homa ya utotoni. Alikuwa anategemea la kushoto, nalo lilikuwa linasikia kidogo tu. Sasa la kushoto ngoma imechanika, usaha umejaa ndani. Kauliza: aliwahi kupigwa? Au kuanguka?

Nikawahi mie. Alianguka.

Mungu wangu! Mkono wangu wa kulia, shavu lake la kushoto. Siku ile ya geti hakunisikia. Mvua ile! Angenisikiaje? Nikampiga palepale palipokuwa pamebaki pazima. Naona aibu hata kuandika.

Saa kumi jioni. Tupokigwe kachuchumaa mbele ya mtoto hapa sebuleni, kamshika mashavu, anamuuliza polepole ili aione midomo yake: ulianguka wapi, mwanangu? Lini? Mbona hukuniambia?

 Asifiwe ananitazama mie, anasubiri niseme.