Nimemwambia Binti Yangu Lazima Aje Mwenyewe

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi marahaba, nakuomba unisaidie maana nimedanganya na sasa uongo umenikaba. Mafuriko yalipita shambani kwetu mahindi yakiwa yameshabeba, yakaondoka na kila kitu hadi uzio, na ndani maji yakafika kwenye magodoro, lakini serikali imesema itawalipa wakulima walioathirika, mkaguzi akaja akapima shamba, akapiga na picha, nikapata moyo. Nilipokwenda ofisini kuandikishwa, karani akapekua daftari akaniuliza, "Mama, huyu mwenye shamba yuko wapi?" Mwenye shamba, mshauri, ni binti yangu mkubwa. Miaka ile ya kuandikisha wakulima, mimi niliyeishia darasa la tatu niliogopa kuichafua fomu ya serikali, marehemu baba yake naye kalamu ilimshinda, tukampa yeye ajaze, na alipofika penye jina akaandika lake kwa kuwa ndiye aliyeshika kalamu, tukacheka tu, tukawa tunamwita Mwenye Shamba.

Sasa huyo Mwenye Shamba ana miaka sita hajakanyaga hapa. Baba yake alipofariki alifika siku moja baada ya mazishi, basi lilimharibikia njiani, na mimi kwa uchungu nikamwambia pale mlangoni mbele za watu, "Umefuata nini, si tumeshamaliza?" Hakukaa. Aligeuka na begi lake. Tangu hapo humpigia mdogo wake, mimi huuliziwa tu, "Mama hajambo?" nami niko palepale nimetega sikio.

Karani alisema aje mwenyewe aweke dole gumba, au kama yuko mbali aandike barua ya kuniruhusu, igongwe muhuri ofisi ya mtaa wake, itumwe. Mimi nikampigia nikamwambia lazima aje. Barua sikuitaja. Akasema, "Sawa mama, ila kazini ruhusa nitapata mwezi ukiisha." Mshauri, aliniita mama! Lakini orodha inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Jirani yangu nilipomweleza akanicheka, "Mwenzangu, wewe unataka kidole au unataka mtoto?" Godoro lake nimeshalianika, shuka lake la maua nimelifua. Nikimwambia ukweli atatuma barua asije tena, nikinyamaza tutakosa mbegu na huyu mdogo wake atakula nini? Nifanyeje?

Mama wa Mwenye Shamba

MSHAURI ANAJIBU:

Shikamoo mama, mkubwa ni wewe, kwa hiyo nitakugombeza kwa adabu. Pole kwa shamba, pole kwa mume. Lakini hivi kweli, mtoto uliyemfukuza mlangoni unamrudisha kwa ujanja wa fomu? Akifika karani akamwambia, "Mbona barua ingetosha," uso utauficha wapi? Halafu hukusikia alichokujibu. Hakubisha, hakukuuliza maswali, anakwenda kuomba ruhusa. Binti aliyekuchoka angesema hana nafasi, akakata simu.

Mpigie leo, usimtume mdogo wake. Mwambie, "Nilikudanganya, barua inatosha, igongwe muhuri uitume kabla ya Ijumaa." Atakuuliza kwa nini ulidanganya. Hapo ndipo penye kazi. Usimsingizie karani, wala usianze habari za mafuriko. Mwambie yale maneno ya mlangoni yalikuwa mabaya, hakustahili, na kwamba umemkumbuka. Kisha nyamaza, na hata yeye akinyamaza, simu usiikate wewe.

Barua ikishafika ofisini, ruhusa yake ya mwisho wa mwezi bado ipo. Mwombe aitumie kuja kwako, na safari hii usimtajie shamba. Godoro liache juani likauke vizuri. Siku akibisha hodi, mlango ufungue wewe mwenyewe.