Nilimtuma Baba Mkwe Mnadani, Gramafoni Ikabaki Kwake

Kwako Bi Mwanamkasi, salamu nyingi kutoka Mtongwe, Likoni, na baada ya salamu nakuomba unishike mkono kabla sijapasuka. Nina gramafoni, au niseme nilikuwa nayo, ya marehemu nyanya yangu, ile ya kuzungusha kwa mkono, na ndiyo iliyolia siku ya harusi yangu na Mastura, lakini siku hizi watu wote ni kanda tu, nikaona iko pembeni inakula vumbi, nikaipeleka kwa Dalali Lewa kule Kisauni anayenadi vitu vya kale kila Jumamosi. Dalali akaniuliza bei yangu ya chini, yaani ile ambayo isipofikiwa kitu hakiuzwi, akasema hiyo ni siri yangu na yake, nikamtajia, lakini moyo haukutulia, nikahofu wanunuzi watanyamaza, ndipo nikapata fikra ya kumtia mtu wangu kati yao apandishe bei, na rafiki najua atataka mgao, ila baba mkwe wangu Mzee Tsuma ni mtu wa kanzu safi, nani atamshuku, na mkwe hawezi kuniomba mgao. Sasa mimi kumwambia mkwe uso kwa uso maneno ya ujanja siwezi, ni aibu, nikamtuma Mastura amweleze babake kwamba apandishe, na nikikohoa aache.

Jumamosi ikafika, bwana mmoja wa Mkomani anayekusanya vitu vya zamani akapandisha bei, mkwe akapandisha, bei yangu ya chini ikapitwa, nikakohoa. Mzee akageuka mbele ya watu wote akasema, "Pole mwanangu, kunywa maji," akainua mkono tena! Nikakohoa hadi machozi yakanitoka, na kumkataza mkwe hadharani nitawezaje, yule bwana akachoka akaenda zake, nyundo ikagongwa, mzee akalipa taslimu pesa za nazi zake akaibeba gramafoni. Kesho yake nikamwendea, nikamwambia Baba, ule ulikuwa mchezo tu, chukua pesa zako unirudishie nikamuuzie yule bwana. Akanitazama, akasema, "Kumbe mimi nilikuwa chambo?" akaingia ndani. Mastura naye kahamia huko kwao, ametuma salamu kwamba atarudi siku gramafoni italia nyumbani kwa babake, na haiwezi kulia kwa sababu kikopo cha sindano zake ninacho mimi, nilikificha kwa hasira. Bi Mwanamkasi, nitaipataje gramafoni bila kumkosa mke?

Mwinyihaji, Likoni

BI MWANAMKASI AJIBU:

Mwinyihaji mwanangu, hongera! Miaka yote nasoma barua za watu, sijaona mtu aliyepata bei kubwa kuliko aliyoitaka, pesa ziko mfukoni, akakaa kitako kulia. Wewe ni wa kwanza.

Hebu niambie, ile bei ya chini uliiweka ya nini? Ya kupamba daftari la dalali? Yule bwana angetaja bei ya karanga, dalali angesema haiuzwi, nawe ungerudi na gramafoni yako kwenye feri bila hata kupiga chafya. Lakini wapi! Umeweka mlinzi mlangoni, kisha ukakesha naye mwenyewe. Ujanja mwingi mbele kiza. Na katika watu wote wa Likoni, wa kumtia kwenye ndoana ukamwona baba wa mkeo, kwa kuwa hatakuomba mgao. Lo! Heshima ya mkwe umeijua pale pa kukuepushia gharama tu.

Nilipopata barua yako nilimtuma mtu kwa Mastura akamwulize alimwambia nini babake. Wewe ulitaka amwambie, "Baba, nenda kamhadae mtu, mume wangu akikohoa uache." Jambo ulilolionea aibu wewe mwanamume, ulidhani yeye atalisema? Alimwambia hivi: "Baba, Mwinyihaji anaiuza gramafoni ya harusi yetu, na mimi roho inaniuma." Basi. Mzee wa watu akauza nazi zake, akavaa kanzu, akaenda kumnunulia mwanawe. Kikohozi chako alikiona ni kikohozi, akakupa pole kwa moyo safi, nawe kesho yake ukamwendea na habari za mchezo. Nimekasirika, Mwinyihaji, nakwambia wazi.

Tena wauliza utaipataje gramafoni bila kumkosa mke. Gramafoni umeitanguliza. Mkeo naye bei yake ya chini ni ngapi?

Ukiuza kitu siku nyingine, mtajie dalali bei ambayo ikipatikana hutajuta, ufunge mdomo, ukae nyumbani. Mnada nimeumaliza.

Sasa la nyumba yako. Gramafoni si yako tena, isahau. Pesa usimrudishie mzee, utamtukana mara ya pili. Usiende na mshenga wala maelezo marefu, kwa sababu maneno yako tumeshaona yanakofikisha. Oga, vaa kanzu, chukua kile kikopo cha sindano, nenda mwenyewe kwa miguu yako. Piga hodi, mwamkie mzee shikamoo, mpe kikopo kwa mikono miwili, umwambie, "Baba, nimekukosea, niwie radhi." Akiweka santuri, keti mkekani uisikilize mpaka iishe, na Mastura atasikia kutoka jikoni.

Na wallahi, Mwinyihaji, kikohozi kikikujia, kimeze.