Malori Yaliyosimama Mkiwa

Mkiwa, Singida
14 Juni 2015

Kaka yangu Benjamin,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi Yasinta hamjambo huko Kasulu. Sisi tu wazima, mtama tumevuna, ila kuku wameisha kwa kideri. Barua hii anakuletea Mama mwenyewe. Nakuomba usimwulize neno mpaka umalize kusoma.

Jumatatu malori ya jeshi yalisimama hapa njia panda, moja limekatika springi. Marko wa dukani akaapa kwamba yamebeba mizinga. Mimi, unanijua, sikutulia. Nilimpelekea chai sajenti wao nikamwuliza maturubai yamefunika nini. Akacheka, akafunua: mahema, blanketi, ndoo, unga. Alisema mashirika ya misaada yameomba magari ya jeshi, maana wakimbizi wa Burundi wanaingia Kigoma kila siku na barabara ni mbovu. Nikamwuliza wanaelewana nao vipi. Akasema hapo ndipo penye kazi. Wanaojua Kirundi hawatoshi, na kuna mama mmoja alilia kutwa nzima mbele ya askari wake, akirudia neno lile lile.

Mama alikuwa nyuma yangu na sinia la maandazi. Akauliza ni neno gani. Sajenti akalitamka kwa shida.

“Umwana wanje,” Mama akamsahihisha. “Anamtafuta mtoto wake.”

Kisha akaendelea kwa maneno mengi ambayo sijapata kuyasikia kinywani mwake. Akaacha sinia pale pale, akaenda nyumbani.

Nilimfuata, nikamwuliza bila kumpa nafasi ya kupumua. Kaka, Mama hakuzaliwa Manyoni. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa na miaka sita, mwaka 1972. Askari waliwapakia watoto kwenye malori mawili kuwatoa mpakani, yeye akapanda moja na dada yake jingine. Hawakuonana tena. Babu Hezekia, wakati huo akifanya kazi ya reli Kigoma, ndiye aliyemchukua, na alipohamishiwa Manyoni akaja naye kama binti yake. Alimkataza kusema, asije akaitwa mgeni na kurudishwa. Marehemu Baba alijua. Sisi tulifichwa.

Sasa sajenti ameongea na mkubwa wake, na Mama anakwenda nao kambini huko Kasulu kuwa mkalimani. Nilimwonya kwamba wataandika jina lake na kumwuliza lugha hiyo aliijulia wapi. Akajibu kuwa atawaambia. Hofu yake ni wewe tu, mwalimu wa serikali, usije ukamwonea aibu. Nimemwambia simjui Benjamin wa namna hiyo.

Usiku wa kuamkia safari nilimwuliza jina lake la utotoni. Akasema ni Butoyi, na kwamba kwao ndivyo anavyoitwa pacha aliyezaliwa wa pili. Wa kwanza huitwa Bukuru.

Msalimie sana wifi na watoto. Mama Severina wa jirani naye anakusalimu. Mungu awalinde.

Ukiwa na nafasi, fuatana na Mama kambini. Kila mtakapopita, ulizia Bukuru.

Mdogo wako,
Evodia