Jeraha Ambalo Baraka Hakulifuta

Dada Neema mpenzi,

Johannesburg baridi inauma masikio, lakini nina mume, sihitaji blanketi la pili!

Shemeji yako Baraka ndiye aliyechapisha picha za maonyesho yaliyofunguliwa jana mjini, za wafungwa wa kambi za kazi ngumu za Kisovieti. Sasa, kwenye studio yake ya picha mtaani Rosettenville hakuna anayetoka bila kulainishwa uso pichani. Hata chunusi yangu ya siku ya harusi aliifuta! Basi nilipoona mfungwa mmoja ana jeraha bichi shavuni, nikasema, "Mpenzi, mfutie na huyu jeraha, apendeze."

"Eish, mke wangu! Huyu hakuja studio kupendeza. Yaliyompata yabaki hapo hapo usoni."

Jana bibi mmoja wa Kizungu akasimama mbele ya picha ile, akashika shavu lake mwenyewe.

"Ni baba yangu," akatuambia. "Alirudi na kovu hapa. Alisema alipigwa kambini, serikali ikasema ni mlevi, alianguka njiani akirudi. Alikufa bila kuaminiwa. Na hapa jeraha bado bichi, naye amevaa nguo za kambi!"

Akamkumbatia Baraka wangu, akalia begani kwake. Dada, nilivimba kichwa! Nilimwambia kila aliyepita, "Huyo ni mume wangu."

Nimemwambia kwenye picha ya harusi nitakayokutumia airudishe chunusi yangu. Ulikuwepo, uliiona, ukaicheka.

Nakupenda, mbusu Mama mashavu yote mawili.

Mdogo wako, Zawadi