Ndege Tuliyoiita Kipofu

Jumatano. Mvua inanyesha hapa mtaani Kasuku, mjini Kindu, tangu alfajiri, hakuna pikipiki hata moja iliyoletwa kutengenezwa, na roho yangu ni nzito.

Mvua ndiyo iliyoniponza. Fundi asiye na kazi hushika simu. Nikakuta makala juu ya ndege za vita zilizoanza vibaya zikaishia kusifiwa. Ile B-26 ya Vita Kuu ya Pili, kwa mfano, mwanzoni iliwaua marubani wake wenyewe mazoezini, mpaka wakaiogopa. Mafundi wakairefushia mabawa, marubani wakafundishwa upya, ikawa ya kutegemewa. Mimi hupenda sana habari za namna hiyo. Chombo kibovu kikitengemaa, fundi yeyote hufurahi.

Safari hii sikufurahi. Nilimkumbuka Kipofu.

Kipofu ni jina tulilolipa dege la mizigo lililokuwa likija kuishambulia Kindu wakati wa vita vyetu vya Kongo. Halikuundwa kwa mabomu. Askari waliyasukuma kwa mikono kupitia mlango wa nyuma. Lilikuwa likiukata mto Lualaba, bomu likachelewa, likaangukia majini. Mara tatu! Samaki wakaelea matumbo juu, watu wakaingia mitumbwini kuwaokota. Tulicheka, tena sana. Kipofu katuletea mboga, tulisema. Njaa ilikuwa imetubana, barabara zimefungwa, treni haziji.

Mama peke yake hakucheka. Alitukataza, mimi na kaka yangu Ramazani, kukanyaga ukingoni.

Siku ya nne tulisikia mngurumo. Mama alikuwa shambani. Ramazani alitaka kutii. Mimi ndiye niliyemchokoza: mtu mzima wewe unaogopa ndege isiyoona? Wenzetu watamaliza samaki. Akachukua kapu, akaenda. Mimi nikabaki kuwasha moto.

Siku hiyo halikuukata mto. Lilishuka chini, likaufuata ukingo, urefu wake wote, likimwaga mabomu.

Kasoro ilikuwa imerekebishwa.

Mama aliporudi nilimwambia Ramazani alitoroka kwenda mtoni. Nilikuwa na miaka kumi na sita na niliogopa. Uongo huo mmoja umekula nami sahani moja hadi leo nina mvi.

Leo mchana binti yangu Zaina alimjibu bibi yake ovyo. Mama akamwambia, kama anavyomwambia kila mara: "Asiyesikia la mukuu huvunjika guu. Baba yako mukubwa Ramazani alikuwa mubishi, ubishi njo ilimuua." Hajawahi kumtaja marehemu bila neno hilo. Hata akimwombea dua, humwombea kama mkosaji.

Sijui kama ni ile makala au ni uzee unaninyemelea, lakini nililirudisha tonge sahanini. Nikamtuma Zaina jikoni. Nikapiga magoti mbele ya mama yangu, nikasema yote.

Mama akauliza:

"Kumbe miaka yote nilikuwa nagombeza bure muntu hana kosa?"

Nilijaribu kumshika mkono, akauondoa.

"Kesho utanipeleka ku kaburi yake," alisema. "Mimi nitamuomba musamaha. Na wewe utamwambia yeye vile umeniambia miye."

Tangu hapo yuko chumbani kwake, hajagusa chakula. Nimempelekea chai mara mbili, ikarudi imepoa. Nilitegemea kwamba nikishasema ningepata nafuu. Sijaipata. Nimeona haya tu, haya ya mtu mzima.

Alasiri nilipopita mlangoni nilimsikia akisema peke yake, "Ramazani, mwana wangu," akaishia hapo. Hakuongeza lile neno. Nilisimama na kikombe mkononi, sikuthubutu kuingia.

Mvua imeanza kupungua. Asubuhi nitasimama mbele ya kaburi la kaka yangu, mama akinisikiliza, nami hadi sasa sijui nianze na neno gani.