Moja Saba Ulizoziandika kwa Mkaa

Baba,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu ulinilea kuitoa, si kwa sababu moyo unataka.

Unazikumbuka Jumapili zetu Gongo la Mboto? Tukishamaliza wali, wewe, mwalimu wa hesabu usiyejua kupumzika, unaandika namba kwa mkaa kwenye sakafu ya baraza. Mie nataja sifa zake: shufwa au witiri, tasa au ina vigawo. Nikipatia, unaniwekea tiki nyekundu kwenye daftari. Nilikuwaga naisubiri tiki hiyo kuliko nguo ya Idi.

Siku moja uliandika 1,111,111. Witiri, nikasema. Jumla ya tarakimu zake ni saba, kwa hiyo tatu haiigawi. Ukanipa wiki nzima nitafute mengine.

Jumapili iliyofuata walikuja walimu wenzako wawili. Ukawaambia kwa kujidai, "Hii ni tasa. Nimeijaribu mwenyewe." Ulikuwa umeigawa kwa ile orodha ya namba tasa uliyobandika ukutani, na orodha ile iliishia 199. Karatasi ilipoisha, nawe ukaishia hapo. Mie niliendelea: 211, 223, 227, 229, 233. Ya sita ikakubali.

"Baba, 239 inaigawa. Haibaki kitu."

Hukuitazama hata karatasi yangu. "Piga magoti. Sema ni tasa."

Wageni wakacheka, wakaendelea na chai yao. Nikasema ni tasa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilijua nasema uongo ili wewe usiaibike.

Sikugusa tena hesabu kwa hiari yangu. Nawe ukawa unalalamika kwa majirani: "Rehema alikuwa na kichwa, sijui kimepatwa na nini."

Juzi, tulipomaliza arobaini yako, mama alinikabidhi daftari lako. Nililifungua hapa Temeke, kwenye kibanda ninachoshonea. 239 × 4,649 = 1,111,111. Tiki nyekundu. Chini yake: "Rehema yuko sahihi." Tarehe ni ya Jumapili ile ile.

Kumbe ulijua siku ile ile! Halafu ukaishi miaka ishirini na miwili, tukala sahani moja, nikakuuguza, nikakuogesha, na hukufungua mdomo. Kosa ningelisamehe, kila mtu hukosea. Kunyamaza kwako ndiko kunakonichoma. Tiki ile ilikuwa yangu, Baba, ukajiwekea mwenyewe.

Jana mjukuu wako aliniambia mbele ya mteja, "Mama, umekosea. Kiuno ni thelathini na mbili, wewe umeandika thelathini na nne." Sauti yako ikanijia mdomoni, nikataka kumkaripia. Nikachukua futi, nikapima upya.

"Kweli mwanangu," nikasema, mteja anasikia. "Nimekosea mimi."

Haikuchukua hata dakika, Baba.

Mungu akulaze pema. Mie hasira haijaniisha.

Mwanao uliyempigisha magoti,
Rehema