Joka Hutupa Kumi na Nane

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima, kiwandani ni kukereza vyuma kama jana na juzi, mgongo unauma ila haujavunjika. Natumaini goti lako na cherehani yako vyote vinakwenda.

Haya, zamu yangu. Nyundo hakimbii. Farasi wake ameshageuka mkaa, basi anapita kwenye moshi kwa miguu na kulipiga joka gotini kwa nguvu zote. Nimetupa dadu yangu ya pande ishirini mezani peke yangu, shahidi ni birika: kumi na sita. Magamba yanapasuka kuanzia kumi na tano, usinizungushe. Nataka kuona damu.

Mwaka wa sita huu tunacheza mashujaa na majoka kwa barua, mimi nikiwa Nyundo, wewe msimulizi na joka. Nakukumbusha sheria niliyoweka ulipomzika mama bila kunisubiri siku mbili: tunaandikiana mchezo na salamu za adabu, basi. Nyundo akifa, kalamu chini. Kwa hiyo lichezeshe joka lako kwa haki.

Kaka yako

27 Februari

Shikamoo kaka,

Pole na mgongo. Goti linanisumbua nikikanyaga cherehani, lakini wateja hawajui goti, wanajua tarehe.

Umetaka damu, chukua. Nyundo yako inazama gotini mwa joka hadi kwenye mpini. Mfupa unapasuka kama mti unaoanguka, damu nyeusi inamwagika ikichemka na kukubabua vidole. Joka linapiga ukelele mpaka mawe yanadondoka kutoka darini mwa pango. Halafu linageuza shingo. Nimelitupia dadu: kumi na nane. Meno yanafunga kwenye kiwiko. Mkono wako wa kushoto unang'oka pamoja na ngao, unamezwa mbele ya macho yako, vidole bado vinachezacheza. Umebakiwa na pointi tisa za uhai.

Sikufurahi kuiandika, kaka. Unafanya nini?

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Nawe uwe mzima.

Nimefungua madaftari yote. Tangu tuingie pangoni joka limeshambulia mara arobaini, na kumi na nane imetoka mara kumi na tisa. Haki yake ni mara mbili. Kazi yangu ni kuhesabu meno ya gia kila siku ya Mungu, usidhani hesabu itanipita hivihivi. Kwa hizo kumi na nane zako limemtafuna mpiga mishale wangu, limempasua tabibu wangu kutoka kinena hadi kidevu, na sasa limekula mkono. Mimi huku natupa tatu, naandika tatu. Natupa saba, naandika saba. Kama mjinga.

Siku mbili ulishindwa kunisubiri. Leo unaniibia mpaka na dadu. Kama umechoka na barua zangu, sema, si lazima uniue kwanza. Sitoi zamu mpaka unijibu.

Kaka yako

9 Juni

Shikamoo kaka,

Nimechelewa makusudi. Barua ya kwanza niliichana, ya pili ilikuwa matusi matupu, ya tatu ndiyo hii.

Nimetupa dadu yangu mara mia mbili juu ya meza ya kukatia vitambaa, kati ya mteja na mteja, kila mara nachora mstari kwa chaki. Kumi na nane imetoka mara tisini na tatu. Mama mmoja aliyefuata gauni lake akaniuliza, "Fundi, umeanza kamari?" Nikamwambia, "Hapana, naua joka." Akachukua gauni akaondoka bila hata kulijaribu.

Nikakwangua rangi kwa ncha ya mkasi, upande wenye namba tatu, unaotazamana na kumi na nane. Kuna tundu limezibwa kwa madini ya risasi. Dadu hii sikuitengeneza mimi, kaka. Ulinipa wewe. Nimekurudishia, iko ndani ya bahasha. Nimechoka kuitwa mwizi.

Hukutoa zamu, na joka halimsubiri mtu aliyenuna. Limekuangusha na kukukandamiza kwa kucha. Mbavu tatu zimevunjika, moja imetokeza nje ya ngozi. Safari hii nimetumia dadu ya dukani: kumi na tatu. Imetosha. Umebaki na pointi mbili. Koo lake liko wazi juu ya uso wako, mate yake yanakuunguza shavu. Una pigo moja. Kumi na tano au zaidi, linakufa. Chini ya hapo, moto.

Mdogo wako

2 Julai

Mdogo wangu,

Mwili mzima, uso ndio sina.

Ni kazi yangu. Dadu zote mbili nilizikereza kwa nailoni iliyobaki kiwandani, wiki yangu ya tatu kazini. Ya kwako niliitoboa vibaya. Msimamizi angenifokea kwa kuharibu kipande, nikaziba kwa risasi, nikapaka rangi, nikasema nani ataona. Upande wenye tatu ukiwa mzito, kumi na nane ndiyo inayotazama juu. Miaka sita nimelilisha joka kwa mkono wangu, nalo likaula huo mkono.

Wewe si mwizi. Nisamehe.

Sasa zote mbili ziko mbele yangu. Ile ya risasi ingelichinja joka, zaidi ya mara moja katika mbili. Nimeitazama mpaka chai ikapoa. Kisha nikatupa ile nzima.

Nne.

Kaka yako

30 Julai

Shikamoo kaka,

Hiyo nne niliisoma nimesimama, nikakaa. Nimetafuta upenyo kwenye sheria zetu, hakuna.

Nyundo anapiga, pigo linateleza kwenye gamba. Joka linafungua kinywa. Ndevu zinashika kwanza, halafu ngozi, halafu chuma cha kifuani kinayeyuka na kuingia katikati ya mbavu. Hakupiga kelele. Joka linaondoka likichechemea kwa goti alilolivunja, na litachechemea hivyo siku zake zote. Hilo nimempa. Zaidi ya hilo sikuwa nalo.

Nimefunga daftari. Kalamu chini, kama ulivyotaka.

Kwaheri, kaka.

Mdogo wako

11 Oktoba

Mdogo wangu,

Sina zamu. Sina hata mtu wa kumchezesha.

Nimekereza dadu mpya, nimeitupa mara mia nne, kila upande umetoka kama mara ishirini hivi. Iko humu ndani. Si ya mchezo wowote, ni yako tu.

Goti linaendeleaje? Nauliza kweli, si kwa adabu.

Na siku ile ya mama. Sikuwahi kukuacha umalize kusema. Ilikuwaje? Nguo aliyozikwa nayo uliishona wewe? Nani alishika jeneza upande wa mbele, pale ambapo ningeshika mimi? Anzia asubuhi, usiruke kitu, hata zikiwa kurasa kumi. Stempu nimekuwekea.

Kaka yako